Orodha ya Wapiga Kelele

Darasa la tano, shuleni kwetu Kariobangi,
kuna karatasi inayoogopwa kuliko hesabu za sehemu.
Mwalimu Shikuku akitoka nje, hata kupiga chafya tu,
kiranja Mwangangi huitoa mfukoni,
analamba ncha ya penseli,
na vinywa arobaini na vinane
vinafungwa kama vibanda siku ya mvua ya mawe.

Mimi sikuwahi kuandikwa.
Nilituzwa rula kwa ajili ya ukimya wangu,
mama akaiweka kabatini, pamoja na vikombe vya wageni.

Hakujua mwalimu kwamba kwetu hakuna anayeongea.
Baba hutengeneza masanduku ya bati nyuma ya nyumba,
ko, ko, ko, tangu alfajiri,
na jirani yake, na jirani wa jirani,
nyundo ishirini zikijibizana.
Sisi huombana chumvi kwa vidole.
Chai imepoa: kiganja kinapepea.
Nina njaa: ngumi tumboni.
Sauti nilikuwa nayo,
lakini ya nini?

Muhula wa pili akaja Halkano kutoka Marsabit,
sare yake bado ina mikunjo ya dukani,
Kiswahili chake kinatembea polepole
kama mtu anayevuka barabara asiyoijua.
Akakaa mbele yangu.
Shingo yake naijua vizuri, ndiyo maana nasema:
haikuwahi kugeuka.
Na kila Ijumaa jina lake lilikuwa la kwanza.

Ukiandikwa, unabeba maji.
Ndoo kumi, kutoka tangini hadi kwenye miche ya mwalimu mkuu,
huku korongo wawili juu ya ukuta
wamekunja shingo kama mahakimu wasio na haraka.
Ijumaa ya tatu nilimwona akitua ndoo,
akipuliza viganja.
Hakulia. Angelia, ningepata nafuu.

Jioni ile nilijaribu kumwambia baba.
Vidole vilinishinda.
Kwetu hakuna ishara ya "si haki."
Nikaanza upya, nikakwama,
hadi baba akaweka nyundo chini.
Jirani naye akaacha, akidhani kuna mgeni.
Ndipo nikaisikia, nyembamba, ina kutu kidogo:
"Wanamwonea."
"Sikusikia," akasema baba.
"Wanamwonea!"
"Bado," akasema,
ingawa hakuna nyundo iliyokuwa ikilia.

Ijumaa. Mwalimu akafungua karatasi.
"Halkano—"
Magoti yangu yalisimama kabla yangu.
"Mwalimu, si yeye."
Mwangangi aliniangalia kana kwamba dawati limesema.
"Si yeye! Mimi nakaa nyuma yake.
Hajasema neno tangu afike,
na hakuna aliyemwuliza kitu!"
Ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga,
kubwa ya kushindana na nyundo ishirini;
darasa la sita, ng'ambo ya mabati, wakaacha kukariri.

Mwalimu akavua miwani.
"Kerubo, unapiga kelele."
"Ndiyo, mwalimu."
"Mwangangi?"
Kiranja akatazama viatu vyake.
"Nikileta karatasi tupu, mwalimu,
unaniita mvivu."

Mwalimu Shikuku hakujibu.
Aliikunja karatasi, akaikunja tena,
akakunja na miguu ya suruali,
akatoka kwenda tangini.
Ndoo ya kwanza ilimmwagikia kwenye soksi.
Hatukucheka. Haya, tulicheka kidogo.

Na ile shingo ikageuka.
"Wewe," akasema Halkano, akilitafuta kila neno,
"rafiki wa chuma? Una sauti ya chuma."
Nikamweleza habari za masanduku.
Akanieleza ngamia wa babu yake anavyokataa kusimama.
Tukaendelea Jumatatu, tukasahau kunong'ona.

Tuliandikwa wote wawili.
Safari hii ilikuwa kweli,
na mikono yetu ilipotoka kwenye ndoo imevimba na kucheka,
niliomba ile karatasi, nikaenda nayo nyumbani.
Iko kabatini.
Mama ameilaza juu ya rula.