Debe la Ishirini

Miaka saba nilikuwa mwenyekiti wa makofi.
Nikisema chanja tujenge upande wa Kayenze, wanapiga.
Nikisema ada ipande, wanapiga.
Hata nilipopiga chafya katikati ya mapato na matumizi
kuna mtu alipiga.

Kisha Nkwimba, mwanachama wa miezi miwili,
magamba ya dagaa yakimeta hadi kwenye viwiko,
akanyoosha mkono pale Igombe, chini ya bati la ghala:
"Mwenyekiti, hili debe tunalopimia,
lenyewe nani alilipima?"

Nikamjibu kwa mdomo wa kiti, si wa mtu:
"Debe ni debe. Tuendelee na ajenda."
Tukaendelea.
Lakini usiku godoro likaota mawe,
na mimi mzaliwa wa Mwanza, mawe nayajua;
haya yalikuwa mageni.

Saa nane nikajifunga kanga mbili, tochi mdomoni,
nikafungua ghala, nikajaza debe maji ya ziwa
kwa jagi la lita moja.
Kumi na tisa. Ishirini,
na debe bado linaomba.
Ishirini na moja.
Ishirini na mbili, ndipo likatema.
Nikalimwaga, nikalipindua: kitako kimegongwa kwa ndani,
kimefura kama shavu la mtoto aliyeficha sukari guru.
Kila mauzo, lita mbili za jasho letu zilikwenda bure.
Nyundo sijui ya nani. Miaka ni yangu.

Asubuhi nilimimina tena mbele yao, jagi kwa jagi,
sauti ikinikatika kwenye ishirini na moja.
Hakuna aliyepiga makofi.
Nkwimba hakucheka. Alisema tu:
"Na jagi nalo tulihakiki."
Nilitamani kumzaba kibao.
Tulilihakiki.

Sijampenda, nisiwadanganye.
Lakini tulipokwenda kwa wanunuzi wa Kongo, Mwaloni,
nilimketisha kulia kwangu,
na kabla sijafungua kinywa nikawa namsikia akiuliza,
nusu ya maneno nikayameza yangali mabichi.

Jumanne iliyopita malaria ilimlaza.
Nikasoma mpango wa mkopo: milioni tisa, mashine ya kukaushia.
Mikono yote ikapiga, kama mvua ya mawe juu ya bati,
nami nikaingiwa na baridi.
Nikafunga daftari.
"Kikao kimeahirishwa," nikasema,
"hadi Nkwimba apone."