Kiganja Kimoja cha Puti

Sabuni nimeiacha Tororo.
Katika kazi hii kitambaa safi ni adui:
kinafuta ushahidi na kuacha mng'aro.
Nilimwambia kwa simu, Bi Naigaga, usilioshe,
usiguse hata vumbi la kiooni,
akajibu, "Tangu azikwe mzee,
nani angeligusa?"

Jinja, Walukuba, nyuma ya nyumba za kiwanda cha nguo.
Wandera akavuta turubai. Popo wawili wakatoka,
kisha pua ndefu, ya kijani,
na farasi mdogo wa chuma katikati ya grili
anayekimbia tangu mwaka wa sitini na nane
na hajafika.

Silinda nane, katika mji wa bodaboda!

Nikapiga magoti, fomu pajani.
Namba ya chasisi na namba ya injini
zikasalimiana kama watoto wa tumbo moja.
Boliti za bawaba bado zina rangi kichwani,
hakuna spana iliyowahi kuzing'ata.
Vioo vyote, mhuri mmoja.
Chini ya kiti cha nyuma, alama ya chaki:
mtu wa kiwandani, ng'ambo huko,
aliandika saba, au moja,
akaenda zake kula.
Kutu ipo. Kutu naiheshimu, haijui kusema uongo.
Noti za nchi zilibadilishwa, barabara zikapewa majina mengine,
hili likakaa gizani na plagi zake zilezile.

"Halikutoka," akasema Bi Naigaga,
amekaa juu ya kreti la soda, mikono ndani ya leso.
"Bosi aliondoka na masanduku mawili,
akamwachia Tenywa ufunguo.
Tenywa akaapa halitoki hadi mwenyewe arudi.
Halikutoka. Andika hivyo."

Nikaandika hivyo.

Kisha sumaku. Nimeivika kitambaa isikwaruze,
naitembeza ubavuni kama konokono,
inashika, inashika, inashika,
na juu ya gurudumu la nyuma, upande wa kushoto,
ikaanguka.

Nikairudisha. Ikaanguka.
Pahali pa kiganja, si zaidi.
Kijani kilekile; aliyekichanganya
alikuwa na jicho la mwizi, au la mpenzi.
Chini ya rangi, puti. Nikaingiza mkono kwenye buti,
nikapapasa kwa ndani: bati limebonyea kunifuata,
tundu limezibwa, la kupita kidole cha shahada.

Sikutamka risasi. Mimi ni mtu wa rangi na namba.

Bi Naigaga alikuwa amesimama.
Akaweka kiganja chake pale, kikatosha.
"Mwaka wa vizuizi," akasema. "Nilikuwa Kamuli kwa mama,
uchungu umenishika siku ya pili.
Akaingia usiku wa manane, amri ya kutotoka ipo,
akasema ametembea. Maili arobaini.
Viatu vyake vilikuwa safi."

Akanyamaza. Popo mmoja akarudi, akaona watu, akaondoka.

"Miaka yote hii nimevibeba viatu vile rohoni.
Nilisema kuna mwanamke,
mwanamke mwenye gari."

Akacheka kidogo, vibaya,
kama injini inayokataa kuwaka asubuhi.

Wandera akaninong'oneza: bosi, lazima tukate alama?
Yeye akamsikia. "Kateni.
Alinidanganya. Kateni."

Nikakata mbili, ndivyo kanuni inavyotaka.
Na penye maoni, ambapo kwa kawaida naweka mstari,
nikaandika: *Gari ni la asili lote, isipokuwa kiganja kimoja.
Atakayelinunua asikiguse.*
"Nani kasema nauza?" akauliza.

Tulipokuwa tukikunja vifaa, aliomba sumaku.
Nikampa. Tuko langoni tayari, tunatafuta boda,
tukaisikia ikigonga saruji:
inaanguka,
kimya kidogo,
inaanguka tena.