Handaki la Truda

Siku ya tatu hajala. Nyenje wanamkanyaga mkia
naye hana habari nao.
Anaparura kioo, kona hadi kona,
kwa kucha zilizoumbiwa jangwa,
nasi tuko Bytom, Januari, theluji imefika dirishani.

Nimempapasa tumbo kwa kidole kimoja:
gololi, gololi, gololi,
zimesongamana kama mfukoni mwa mtoto.

Hanka kasema kwa simu kutoka Wrocław:
"Opa, anataka kutaga. Mtengenezee mahali.
Akikosa mahali atayazuia, nayo yatamuua."
Dume hajamwona maishani, nikamwambia.
"Mwili haungoji harusi, Opa."

Basi. Miaka thelathini na mmoja nilishuka chini,
mita mia saba, kufuata makaa ya mawe,
na leo naambiwa nichimbe shimo
la mjusi mwenye ndevu.
Nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikatafuta koleo.

Beseni la Elfryda, lile la kufulia
(asingekubali, lakini hayupo wa kukataa),
kina chake kiganja hadi kiwiko.
Mchanga wa mto nikauosha mara tatu.
Udongo nikaununua dukani, ndiyo, udongo, kwa pesa,
maana bustani imeganda kama chuma.
Nikachekecha kwa chekecheo la unga. Hilo nalo asingekubali.

Mchanganyiko wa kwanza ulikuwa mkavu.
Alichimba dakika kumi, paa likashuka,
akatoka kinyumenyume, vumbi puani,
akanitazama.
Mtazamo ule naujua.
Ginter alinitazama hivyo
siku mihimili ilipoanza kulia, mwaka tisini na nne,
na msimamizi akasema, "Endeleeni."

Mbao hulia kabla ya kuvunjika. Ndiyo heshima yake.
Mchanga hauna heshima hiyo.

Mchanganyiko wa pili: tope. Hata mguu hakutia.

Wa tatu niliupima kwa mkono.
Chota, fumba ngumi, fumbua:
ukimwagika, bado; ukidondosha maji, umezidi;
ukibaki na mistari ya kiganja chako, acha hapo hapo.
Nikaushindilia tabaka kwa tabaka,
nikalaza kigae juu kiwe dari,
nikamwanzishia mlango kwa dole gumba,
nikashusha taa, nikatundika blanketi mbele ya kioo,
maana nani apendaye kutazamwa saa ile?

Mlango wangu aliupita kama hakuuona.
Akaenda kona ya pili
akaanza wake.

Mimi huku nyuma ya blanketi, nasikia sauti tu:
kwaru, kwaru. Kimya. Kwaru.
Kila kimya kikinikaba.
Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema watu
wakimsuta mwovu. Yeye aliingia bila kosa lolote,
kichwa, mabega, kisha mkia nao ukapotea,
nami nikajikuta nimesimama, koleo mkononi,
mzee wa miaka sabini na moja, soksi mguu mmoja,
tayari kumfukua.

Akatoka jioni. Ngozi imemlegea kiunoni
kama suruali ya kurithi.
Akageuka, akaufukia mlango, akaugongagonga kwa pua,
akausawazisha, akaenda zake.
Sijapata kuona zamu iliyofunga kazi namna hiyo.

Nikamwogesha maji ya vuguvugu,
nikampa nyenje watano waliopakwa unga wa chokaa.
Akawala wote, wa tano akamfukuza hadi chini ya jiwe.

Kisha nikachimba kwa kijiko cha supu.
Nilihangaika kuyapata. Ishirini na matatu,
meupe, laini, mengine yamebonyea.
"Ni viza, Opa," kasema Hanka. "Yatupe tu."
Nitayatupa, nimemwambia.

Sasa ni saa tano usiku. Yamo kwenye bakuli la sukari.
Nanawa mikono, na kwa mazoea
nasugua kucha kwa brashi, nasugua tena,
nikingoja maji meusi.