Sekunde ya Thelathini na Mbili

Saa mbili usiku, Noshiro. Theluji imefika kwenye vioo vya gari.
Nimeitwa kwa sababu faksi zinaingia lakini hazitoki.

Nyumba ya mazishi ya kina Kosaka
ilihama juzi kutoka waya wa shaba
kwenda simu za intaneti. Nafuu, nilisema mimi mwenyewe,
mimi Hatakeyama, niliyefunga kile kisanduku
juu ya kabati la ubani.
Basi dhambi ni yangu na bisibisi ni yangu.

Zinaingia: orodha ya maua, bei ya barafu kavu,
tangazo la mtu auzaye mapazia.
Lakini hii moja, kurasa mbili,
tanzia ya Sugawara Tokuji, mnoa misumeno,
miaka themanini na mitatu,
haitoki.
Dawati la tanzia gazetini hufungwa saa tatu.

Mjane wake kaketi kando ya jiko la mafuta ya taa,
buti hajavua, mkoba mapajani.
Haondoki mpaka aone karatasi imekwenda.
Hajui kwamba karatasi haiendi popote.
Sikumwambia.

Napiga. Mashine yetu inalia, ya gazeti inaitikia,
zinapigiana mluzi
kama watu wawili gizani wanaoulizana u nani,
halafu, sekunde ya thelathini na mbili,
kimya.
Narudia. Thelathini na mbili.
Narudia, macho kwenye saa.
Hitilafu yenye nidhamu namna hii si ya waya.

Nafungua kumbukumbu za mfumo, mstari kwa mstari.
Hii hapa. Yetu inasema: tuache kuongea, sasa tutume picha.
Kule wanajibu kwa namba, mia nne themanini na nane,
ambayo kwa lugha ya watu ni: haikubaliki hapa.
Na yetu, badala ya kurudi njia ya zamani,
inanuna, inakata.

“Mbona kwa mdomo tunasikilizana?” Bi Kosaka ananiuliza.
Kwa sababu sikio husamehe.
Sauti hukatwa vipande, vingine hupotea njiani,
ukisema “misumeno” na “su” isifike
msikilizaji huipachika mwenyewe wala hajui.
Faksi haina huruma hiyo.
Ikikosa chembe, inadai yote upya.

Nazima itifaki mpya.
Naondoa mbano, sauti ipite nzima na uzito wake.
Nashusha mwendo hadi elfu tisa na mia sita.
Nazima kifuta mwangwi,
kilichokuwa kikidhani mluzi ni uchafu.

Saa tatu kasorobo. Kasoro kumi. Kasoro sita.

Bi Kosaka hasubiri tena, kanyanyua simu ya mezani:
“Toku, ile ya fadhila. Ji, ya kutawala.
Hapana, si ya pili. Ya kutawala.”
Na mjane, kutoka jikoni pa moto wake:
“Waambie mnoa misumeno. Si muuza.”

Nyuma yao mashine inakohoa, inavuta karatasi.
Ukurasa wa kwanza. Wa pili. Sawa.
Halafu tena ule wa kwanza.
Halafu tena.
Nilisahau foleni: kila jaribio lililoshindwa tangu mchana
lilikuwa limejipanga humo ndani, linangoja mlango.

Simu ikalia. Kijana wa gazeti, kwa adabu nyingi:
“Samahani, hawa akina Sugawara Tokuji
ni wangapi?”

Hakuna aliyepumua.
Mjane ndiye aliyecheka, mkono mdomoni, mabega yakitikisika.
“Ndivyo alivyo. Hakuwahi kutoka nyumbani mara moja.
Alirudia kofia. Akarudia miwani.
Akarudi kuangalia kama jiko limezimwa.”

Nikamkatia ripoti ya mashine: kurasa mbili, imefika.
Akaikunja mara mbili, akaitia mkobani,
akaanza kufunga kanda za buti ambazo hakuwa amezifungua.

Ankara yangu sijaiandika mpaka leo.