Muhuri wa Kwanza

Umekuja kwa posta,
mdogo kuliko kifuniko cha chupa ya jemu:
duara la mpira, jina langu limejipinda ukingoni
kama watu waliozunguka moto,
LEMPI HARJULA, na chini yake tarakimu tano
ambazo mwingine hana katika jimbo zima la Minnesota.

Nimeujaribu jikoni.
Kwenye bili ya umeme. Kwenye mfuko wa viazi.
Kwenye ganda la ndizi, ambalo lilikataa wino.
Mwanangu Eero akanipa mgongo wa mkono wake,
nikamgonga, akaenda shule akijitapa
kwamba yeye ameidhinishwa, hawezi kuanguka.

Miaka sita nilichora, mwingine akatia sahihi.
Nilimpelekea Orrin Tesdahl kila mchoro,
naye alivua miwani, akaisogeza karatasi puani
kama anayenusa mkate,
akauliza swali lilelile:
"Na maji yakija yote kwa pamoja?"
Nilijibu. Aligonga muhuri wake. Nilikwenda kulala.
Sikujua kuwa usingizi ule ulikuwa wa kuazima.

Mtihani niliuanguka mara ya kwanza.
Saa nane ndani ya kijichumba mjini Duluth,
saa yangu ya mkononi wameifungia kabatini,
na swali la udongo lililonikaba koo.
Mara ya pili nilikuwa na mimba. Nikaanguka tena,
nikala aiskrimu ndani ya gari huku kioo kikiganda.
Mara ya tatu sikumwambia mtu.

Nilipofaulu nilimpigia baba.
Ameendesha greda la kaunti miaka thelathini na mmoja,
akisukuma theluji kwenye barabara
ambazo wahandisi walizichora wakaenda zao.
Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.
"Haya," akasema. "Barabara ikibomoka
sasa najua nimpigie nani."

Leo mchoro uko mezani. Si daraja la kupigiwa picha.
Ni kalvati. Bomba la zege chini ya Barabara Namba Tisa,
pale kijito cha Kettunen kinapopita kimyakimya miezi kumi
na miezi miwili kinageuka mtu mwingine.
Juu yake hupita malori ya magogo,
basi la shule, na Dagny Ostby
anayekwenda kusafishwa damu Jumanne na Ijumaa.
Hakuna atakayelijua jina langu pale.
Kalvati nzuri haina mwenyewe;
ni mbaya tu inayotafutiwa.

Orrin amestaafu. Kiti chake kimewekewa printa.
Nimefungua kidau cha wino, nimeinua mkono,
na katika ofisi tupu nimejisikia nikisema kwa sauti:
Na maji yakija yote kwa pamoja?

Printa haikujibu.

Nikarudi kwenye hesabu. Nikaitupa jedwali la mvua la zamani,
nikatumia la sasa, lenye ile Juni
iliyobeba ghala la kina Saarinen mpaka ng'ambo ya shamba.
Futi tano hazitoshi. Nikarudia. Hazitoshi.
Na mabomba ya futi tano yameshanunuliwa,
yamelala uani yakingoja, theluji ikiyajaa midomoni.

Kamishna alinena nami dakika arobaini.
Alitaja bajeti. Alitaja Orrin, mtu mwelewa.
Akauliza mimi nina leseni tangu lini.
"Tangu Jumatatu," nikasema,
nikaurudisha muhuri ndani ya droo,
mkavu, haujagusa kitu isipokuwa viazi,
bili moja, na mtoto.

Usiku Eero alitoka bafuni akinionyesha mkono.
Jina limefutika; limebaki tao la buluu kama kucha.
"Sasa je, nitaanguka?"
Nikamkausha nywele.
"Anguka tu," nikamwambia. "Wewe si wa zege."
Kisha nikakaa macho, usingizi wangu mwenyewe
ukichelewa kuja, nikihesabu futi sita.