Mlima wa Ubaoni

Kwenye semina Chake, siku mbili, chai na maandazi,
mwalimu alichora mlima kwa kalamu ya buluu.
"Huku chini mapato. Huku juu moshi.
Nchi ikipanda mapato, moshi hupanda nayo
hata ufike kileleni. Kisha hushuka wenyewe."
Tukaandika. Nikauliza kilele kiko wapi.
Akatazama saa. Ikawa zamu ya posho.

Nikapewa fomu arubaini na honda ya idara,
lita tano kwa siku, saini hapa,
nikatoka kuhesabu moshi wa watu.

Kiwanda cha makonyo: Faki Mbwana anashindilia kuni
kinywani mwa tanuri tangu alfajiri.
Harufu ya karafuu imemwingia mpaka kwenye jasho;
mkewe, asema, humjua gizani.
Kuni ngapi?
"Za leo, au za umri?"
Nikaandika za leo.
Ameezeka bati mwaka huu, binti yake yuko chuo.
Bati halimo kwenye fomu, chuo hakimo.
Fomu inajua kuni tu.

Mwokaji wa boflo pale Ole alikataa kunijibu,
alidhani ni kodi.
Moshi wake niliukadiria kwa macho, kutoka barabarani.

Kangani, kwa Bi Time Shaame, nikawekwa jamvini.
Friza linanguruma sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kudarizi,
limejaa barafu za ukwaju za watoto wa skuli.
"Andika," akasema. "Mama kapika kwa kuni
hata akafa na kikohozi kisicho jina.
Mimi nilianza na kuni, nikapanda makaa,
leo nina plagi ukutani.
Waya umepita chini ya bahari kutoka Tanga;
moshi wake sijui unafukia kwa nani,
lakini haunitoi machozi.
Ukikatika nawasha jenereta la mwanangu,
maana barafu haina subira.
Hapo dhambi yangu ipi?"
Nikamwambia hakuna kisanduku cha dhambi.
Kuna cha lita.

Basi nikamchorea ule mlima, nyuma ya fomu.
Akaichukua karatasi, akaishika juu chini,
na mlima ukawa bonde.
"Hili nalijua," akasema. "Twende."

Bonde lake la mpunga.
Maji ya chumvi yaliingia mwaka juzi,
mwaka jana hayakutoka.
Kaa wanatembea juu ya majaruba
kama wenye hati.
"Friza langu ndilo lililofanya haya?"

Nikapiga hesabu nimesimama topeni.
Friza, jenereta, makaa ya futari mwezi mzima:
mwaka wake wote haufikii
safari moja ya ndege iliyomleta mwalimu.
Sikumwambia. Au nilimwambia, sikumbuki;
alikuwa ameshainama, kang'oa suke,
kalitafuna, kalitema.
"Chumvi," akasema, kama anayetaja bei.

Kisha: "Walio ng'ambo ya mlima, wameshashuka?"
"Wengine wameanza."
"Walikaa juu muda gani?"
Sikuwa na tarakimu.
"Haya. Mimi nataka friza la pili.
Na nalitaka bonde langu. Andika yote mawili."
Mstari ulikuwa mmoja.
Nikaandika kwa herufi ndogo, zikabanana,
neno "bonde" likatoka nje ya fomu.

Usiku, Mkoani, umeme umekatika.
Jirani amewasha jenereta lake; naisikia redio yake.
Namalizia kazi kwa mwanga wa simu,
chaji asilimia tisa.
Imebaki fomu moja, ya arubaini.
Nimejaza jina langu.
Lita tano kwa siku, siku kumi na nane,
ili nijue wengine wanatoa moshi kiasi gani.
Penye "mapato" nimeandika: posho.
Penye "maoni" nimekaa sana,
kisha nimeigeuza karatasi juu chini.