Barua Iliyobandikwa Juu ya Sanduku

Kambale, kaka wa Goma nisiyewahi kukuona,
usicheke jina lako likikutana na mzigo.
KAMBALE KWA KAMBALE, nimeandika kwa kalamu nene,
na karani wa bandari hapa Bukavu akanitazama
kana kwamba namtania mbele ya mhuri wake.

Wamo kumi na wawili,
kila mmoja urefu wa kidole changu cha mwisho,
madoa kama mbegu za papai,
sharubu za mzee kwenye uso wa mtoto.
Kule Uvira wanawaita gogogo
kwa mlio wa mwiba unaposugua tundu lake:
ukimshika tu, anabisha hodi.

Mwiba huo ndio ulionifilisi mara ya kwanza.
Mfuko mmoja mwembamba, wa mkate, wa sokoni Nyawera.
Kabla ya Idjwi maji yalikwisha kuhamia
kwenye gunia la maharagwe la mama mmoja
aliyenilaani kwa simu mpaka salio lake likaisha.
Nawe ukaandika: "Wamefika. Wamelala."
Sikuuliza usingizi gani.

Basi nimejifunza.
Siku mbili sijawalisha.
Walikitazama kidole changu juu ya maji
nami nikajifanya sina mkono,
maana mwenye tumbo tupu hachafui njia.
Kila mmoja chumba chake, kama wapangaji wasiosalimiana;
mifuko miwili miwili, na katikati gazeti la mwezi jana
ili mwiba uchoke kusoma kabla haujatoboa.
Maji theluthi. Juu yake hewa ya Zihindula,
yule anayechomelea milango kule Kadutu:
chupa ileile inayolisha cheche
aliifungua kidogo, fss, mara kumi na mbili,
akasema, "Mama, hawa wanapumua lango la mtu."

Sanduku jeupe ni la zahanati, lilileta chanjo.
Pembeni kuna chupa mbili za maji ya uvuguvugu,
nimezivika soksi za mwanangu,
kwani usiku ziwa lina baridi ya ubishi.

Umesubiri, najua.
Boti zilisimama wiki tatu.
Sababu unaijua; samaki hawana haja ya kuijua.
Wiki tatu walikaa kwenye beseni letu la kuogea
nasi tukaogea kopo,
na mume wangu kila asubuhi aliuliza
kama wageni watalipa kodi.
Yule mwenye pezi lililokatika
hulala kichalichali chini ya sufuria.
Usimwite mgonjwa. Ndivyo alivyo.
Huyo nilitaka kumbakiza.
Nilimtoa, nikamrudisha, nikamtoa.
Umelipia kumi na wawili.

Sasa sikiliza.
Usifungue bandarini.
Askari akitaka kuona, aone kupitia plastiki,
mnunulie soda, songa mbele.
Nyumbani zima taa.
Iache mifuko ielee juu ya maji yako nusu saa,
kisha kikombe cha maji yako ndani ya mfuko,
ngoja, kikombe kingine, ngoja tena,
mpaka wasijue ni wapi walipovuka.
Maji ya mfukoni mwaga nje:
humo wametema hofu yote ya safari.
Na yale mawe yako meusi ya volkano
yapapase kwanza kwa shavu lako mwenyewe.
Likikukwaruza wewe, litawakata sharubu.

Mtu akikushauri uwaachie Kivu wawe huru,
kataa. Hapo si kwao.
Tumeona wangapi, mimi na wewe,
walioshushwa ufukweni usiku wakaambiwa wako huru?

Ukimaliza, niandikie, hata neno moja.
Mara hii usiniambie wamelala.
Niambie wamebisha hodi.

Nshobole, Kadutu,
kibanda cha tatu baada ya kinu.

Na soksi uzirudishe, tafadhali.
Ni za shule.